Mchezo Unapokuwa Tiba: Kuwaandaa Wawezeshaji wa Vikundi vya Watoto Kibondo na Kasulu

Watoto sita wamepanga mawe katika mstari mmoja juu ya udongo mwekundu. Mstari huo ni mpaka. Wawili wamejitwisha vitambaa vilivyofungwa kama mizigo, mmoja amebeba mgongoni kipande cha mti kilichovishwa kanga, na huyo ndiye mama mwenye mtoto mchanga. Wawili wengine wameshika fimbo na kuzuia njia. Wa sita, mdogo kuliko wote, amechuchumaa pembeni wala hasemi neno. Mtu mzima anayepita anaweza kuwakaripia: “Acheni mchezo mbaya huo, chezeni mpira!” Anaweza pia kusimama na kutazama. Tofauti kati ya watu hao wawili ndiyo kiini cha mafunzo yanayoelezwa katika makala hii.

Mchezo wa namna hii si mgeni kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi na watoto waliokimbia vita. Wilaya za Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, zimewapokea watoto wa aina hiyo kwa miongo kadhaa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliotoka mashariki ya Kongo. Mwaka 2015, machafuko yalipozuka Burundi, maelfu walijazana kwanza katika kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu kiliwakuta kabla ya meli ya Liemba na vyombo vingine kuwafikisha Kigoma mjini. Kabla ya mwaka huo kwisha, zaidi ya watu laki moja walikuwa wamevuka kuingia Tanzania, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Sehemu kubwa ya waliovuka walikuwa watoto.

Nje ya kambi nako wamo watoto wenye majeraha yasiyoonekana: waliofiwa na wazazi, wanaopigwa kupita kiasi, walioshuhudia ugomvi mkubwa nyumbani, na waliofanyiwa ukatili wa kingono. Madaktari bingwa wa afya ya akili ya watoto ni wachache mno nchini kote, nao hukaa katika miji mikubwa. Anayebaki karibu na mtoto ni muuguzi wa zahanati, ofisa ustawi wa jamii, mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mkimbizi mwenzake aliyepewa kazi ya kuwaangalia watoto. Watu hao wanaweza kufanya mengi wakifunzwa vyema. Wakifunzwa nusunusu, wanaweza pia kuumiza.

Mchezo kama lugha

Mtu mzima aliyepatwa na msiba hutafuta wa kuzungumza naye. Mtoto wa miaka sita hana maneno ya kutosha kueleza alichokiona, na mara nyingi hajui kwamba tumbo linalomuuma kila asubuhi lina uhusiano na usiku ule waliokimbia. Anachonacho ni mchezo. Kwa udongo, vijiti na vikaragosi huonyesha kile ambacho ulimi hauwezi kukibeba.

Wazo hili lina historia ndefu. Mwaka 1947 mwanasaikolojia wa Marekani, Virginia Axline, alichapisha kitabu kilichoweka misingi ya tiba ya mchezo inayomfuata mtoto. Humo alisisitiza kwamba mtu mzima ajenge uhusiano mwema na mtoto, ampokee jinsi alivyo, asimharakishe, naye mtoto ndiye aongoze njia. Mwaka 1961 Haim Ginott alitoa kitabu kuhusu tiba ya mchezo katika vikundi, akieleza ni nani anafaa kuingizwa kikundini na ni nani hafai. Kipimo chake cha kwanza kilikuwa ile hamu ya mtoto ya kukubaliwa na wenzake. Mtoto mwenye hamu hiyo yuko tayari kubadili mwenendo wake ili asipoteze nafasi yake miongoni mwao, na hapo kikundi huwa dawa.

Si kila mchezo unaponya, hata hivyo. Mwaka 1976, huko Chowchilla, California, watoto 26 walitekwa wakiwa ndani ya basi la shule. Daktari wa afya ya akili Lenore Terr aliwafuatilia kwa miaka kadhaa, akaona kwamba baadhi yao walicheza tukio lile tena na tena bila furaha, bila mabadiliko na bila kupata nafuu. Mchezo wa kawaida husogea mbele: leo mama mwenye mtoto mchanga anazuiwa mpakani, kesho anapata njia, keshokutwa anajenga nyumba. Mchezo wa kiwewe husimama palepale. Mwezeshaji aliyefunzwa hutazama iwapo hadithi inasogea. Asiyefunzwa huona fimbo tu, naye huzipokonya.

Kwa nini kikundi?

Sababu ya kwanza ni ya hesabu: mhudumu mmoja hawezi kukaa na mtoto mmojammoja pale ambapo wanaohitaji msaada ni mamia. Sababu ya pili ni ya kitabibu. Mtoto aliyepatwa na jambo baya hudhani ni yeye peke yake duniani. Anapomwona mwenzake akijificha chini ya meza kila ngurumo ya radi inapopiga, hutambua kwamba woga wake si wazimu wala laana. Kikundi humpa pia nafasi ya kujifunza upya yale ambayo vita iliyavuruga: kungoja zamu, kushindwa bila kuvunja kitu, kuomba na kukataliwa.

Kikundi chema ni kidogo. Kwa watoto wadogo, watano hivi wanatosha. Wasipishane umri kwa zaidi ya mwaka mmoja au miwili, kwani mtoto wa miaka sita na wa kumi na moja hawachezi mchezo mmoja. Ndugu wa tumbo moja wasiwekwe pamoja pasipo sababu ya msingi. Ginott alionya kwamba mtoto mkali kupindukia, au yule ambaye tukio baya limempata karibuni na bado limemshika sana, huenda akadhurika kikundini au akawadhuru wenzake. Huyo aanze na msaada wa peke yake. Kwa sababu hiyo kila mtoto huonwa kwanza na mlezi wake, kabla hajaingizwa kikundini.

Suala la lugha nalo lina uzito katika wilaya hizi. Kiha na Kirundi zinakaribiana kiasi cha wenyeji na wageni kuelewana. Watoto wa Kongo huja na Kiswahili chao pamoja na lugha nyingine za Kivu. Mtoto aruhusiwe kucheza kwa lugha anayoiota ndoto. Kumsahihisha Kiswahili chake katikati ya mchezo ni kumfunga mdomo.

Mwezeshaji hufunzwa nini?

Wengi huja kwenye mafunzo wakitarajia kufundishwa michezo. Michezo wanayo tayari: rede, kombolela, mdako, kuruka kamba, magari ya waya, mipira ya makaratasi. Sehemu ngumu ya mafunzo humhusu mtu mzima mwenyewe, naye inambidi aache tabia alizozizoea kwa miaka mingi.

Jambo la kwanza ni kunyamaza na kutazama. Katika mazoezi, mwanafunzi hupewa dakika kumi za kumwangalia mtoto akicheza bila kuuliza swali, bila kusifu, bila kufundisha. Dakika hizo huwa ndefu mno kwa walimu na wauguzi, ambao kazi yao ya kila siku ni kuelekeza.

Jambo la pili ni kurudisha kwa maneno kile kinachoonekana. Mtoto akiziba mlango wa nyumba ya udongo, mwezeshaji hasemi, “Nyumba nzuri, lakini mlango uko wapi?” Husema, “Umeifunga nyumba kabisa. Hakuna awezaye kuingia.” Mtoto akiendelea, amesikilizwa. Akisahihisha, “Hapana, hakuna awezaye kutoka,” mwezeshaji amejifunza jambo kubwa bila kuhoji. Kazi yake si kufasiri. Kumwambia mtoto, “Hawa ni askari waliomuua baba yako,” ni kumvua nguo mbele ya watu.

Jambo la tatu ni mipaka. Kumfuata mtoto si kumwachia kila kitu. Sheria za kikundi ni chache: hatuumizani, hatujiumizi, hatuharibu kwa makusudi vitu vya pamoja. Mpaka unapokaribia kuvunjwa, mwezeshaji hufuata hatua tatu: hutaja hisia, hutaja mpaka, kisha huonyesha njia nyingine. “Najua umekasirika, unataka kumpiga mwenzako. Hapa hatupigani. Ukitaka kupiga, lipige gunia lile la majani.” Maneno hayo husemwa kwa sauti ya kawaida. Kwa mtoto aliyezoea kiboko, huenda ikawa mara ya kwanza kuona hasira ikipokewa bila kipigo.

Jambo la nne ni siri na kikomo chake. Yanayochezwa kikundini hayapelekwi sokoni, wala hayasimuliwi kwa majirani. Lakini mtoto akionyesha kwamba anaumizwa sasa hivi, au kwamba anataka kujidhuru, siri hukoma hapo. Mwezeshaji hamhoji kama polisi. Humsikiliza, humwambia kwamba amefanya vyema kusema, humweleza ni nani mwingine atakayeambiwa, kisha hutoa taarifa siku ileile kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kambini hufuata utaratibu wa ulinzi wa mtoto uliopo huko.

Saa moja ya kikundi

Mafunzo humzoeza mwezeshaji kuipa kila saa sura ileile, kwa kuwa mtoto aliyehamishwahamishwa huhitaji kujua kinachofuata. Watoto hukaa duara, kila mmoja hutajwa kwa jina lake. Hufuata zoezi fupi la mwili: kupumua polepole kama mtu apulizaye uji wa moto, au kukaza mikono kama anayekamua nguo na kisha kuilegeza. Halafu huja muda mrefu wa mchezo huru, ambao ndio moyo wa saa hiyo. Dakika tano kabla ya mwisho mwezeshaji hutoa taarifa, kisha wote hukusanya vifaa na kuagana kwa namna ileile ya kila wiki.

Vifaa havihitaji fedha nyingi: udongo wa mfinyanzi, mchanga ndani ya beseni, vijiti, vitambaa, vikaragosi vya matambara, masufuria ya kuchezea yaliyotengenezwa kwa makopo, karatasi na rangi. Vichaguliwe vile vinavyomwezesha mtoto kulisha, kutibu, kujenga, kupigana na kujificha. Vitu vyenye ncha kali viondolewe. La muhimu zaidi ni mahali pasipopitwa na watu wanaochungulia.

Ushahidi uliopo

Je, watu wasio madaktari bingwa wanaweza kweli kuendesha vikundi vya namna hii? Afrika Mashariki ina majibu yake. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Wanasihi wasio na taaluma ya afya ya akili, wa mashirika ya TAWREF na Ace Africa, walifunzwa kuendesha vikao 12 vya kikundi kila wiki, walezi wakiwa na kikundi chao sambamba, pamoja na vikao vichache vya mtoto peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mara baada ya tiba, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne, yakiwemo ya Kenya mjini na vijijini. Baada ya mwaka mmoja, tofauti ilibaki Kenya, ilhali Tanzania watoto wa pande zote mbili walikuwa wamepata nafuu ya kukaribiana.

Mkoani Kigoma kwenyewe, shirika la International Rescue Committee na watafiti wenzake walijaribu miongoni mwa wakimbizi wa Burundi programu ya Shirika la Afya Duniani iitwayo EASE, ya vijana wa miaka 10 hadi 14. Ina vikao saba vya vijana na vitatu vya walezi, ikitumia hadithi, michoro na mazoezi ya kutuliza mwili. Jaribio hilo dogo, lililochapishwa mwaka 2021, lilikusudia kujua kama kazi yenyewe inawezekana na inakubalika kambini, halikukusudia kuthibitisha uponyaji. Nchini Jordan jaribio kubwa zaidi lilionyesha kupungua kwa huzuni na wasiwasi.

Msomaji atambue kwamba programu hizi mbili si tiba ya mchezo kwa maana ya Axline. Zina somo la kila wiki na hatua zilizopangwa. Zinachothibitisha ni kwamba mtu wa kawaida aliyechaguliwa vyema, akafunzwa na kisha akasimamiwa, anaweza kuwasaidia watoto kikundini. Neno lisilopaswa kuachwa hapo ni “akasimamiwa”.

Baada ya cheti

Mafunzo mengi hukoma siku ya kugawa vyeti, ilhali hatari huanzia siku inayofuata. Mwezeshaji yuko peke yake na watoto watano, mmoja wao ameanza kuigiza jambo zito, naye hana wa kumuuliza. Akiogopa, atabadili mchezo kuwa wimbo, na mtoto ataelewa kwamba hata hapa jambo lake halipokeleki.

Kwa hiyo mpango wowote wa mafunzo Kibondo au Kasulu upimwe kwa swali moja: ni nani atakutana na wawezeshaji kila wiki, kwa miezi mingapi? Kikao cha usimamizi si ukaguzi. Mwezeshaji husimulia kilichotokea, hucheza tena kipande kilichomshinda, naye msimamizi humwonyesha njia nyingine. Mtaalamu aliye mbali anaweza kushiriki kwa simu, mradi msimamizi wa karibu awepo. Wawezeshaji wenyewe wanahitaji ulinzi huo, kwani wengi wao kambini ni wakimbizi waliovuka mpaka uleule. Mtoto anapolaza kikaragosi chini na kukifunika, anaweza kuamsha kaburi la mtu mzima anayemtazama. Kuomba kupumzika kikundi kimoja si udhaifu.

Mlezi ni sehemu ya tiba

Utafiti uliofanywa miongoni mwa familia zaidi ya 200 za Warundi katika kambi za Kigoma, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, wakiwa na wenzao wa Tanzania, ulionyesha kwamba afya ya akili ya mtoto inahusiana sana na anavyotendewa nyumbani, si na vita pekee. Kipigo na matusi ya mzazi aliyeelemewa huongeza jeraha juu ya jeraha.

Saa moja ya kikundi kwa wiki haiwezi kushindana na siku saba za nyumbani. Walezi waitwe, wasilaumiwe, wafundishwe mambo machache: kumpa mtoto dakika kumi na tano za mchezo bila simu wala kazi, kumsikiliza bila kumkatiza, kumsifu kwa jambo alilolifanya vyema, na kuadhibu bila kupiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja mchezo miongoni mwa haki ambazo mzazi anapaswa kumpatia mtoto, sambamba na chakula na malazi.

Mtoto apelekwe lini kwa daktari?

Mchezo usichelewesha matibabu. Mtoto asiyesikia anapoitwa apimwe masikio kabla hajaitwa mkaidi. Anayeduwaa ghafla na kukatika katikati ya mchezo huenda ana kifafa. Aliyeanza upya kujikojolea apimwe mkojo na sukari. Homa pamoja na kuchanganyikiwa, katika mkoa wenye malaria kama Kigoma, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Mlezi amlete mtoto kituo cha afya iwapo kwa zaidi ya mwezi mmoja halali kwa sababu ya ndoto mbaya, amejitenga kabisa, ameacha kusema au kucheza, au amekuwa mkali kupita kawaida yake. Amlete mara moja akizungumzia kutaka kufa, akijiumiza, akikataa kula, au akionyesha dalili za kuumizwa kingono. Kwa hili la mwisho huduma nyingine hufanya kazi ndani ya saa 72 tu. Kutoka kituo cha afya rufaa huenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, na inapobidi Bugando, Mwanza. Kwa ushauri au taarifa ya ukatili, simu namba 116 hupigwa bure.

Kuagana

Somo la mwisho la mafunzo huhusu kumaliza. Katika wilaya hizi vikundi huvunjika ghafla: familia inarejea Burundi, au kambi inafungwa, kama Mtendeli ya wilaya jirani ya Kakonko ilivyofungwa mwaka 2021 na watu wake kuhamishiwa Nduta. Mtoto aliyekwisha kupoteza nyumba, shule na marafiki hupoteza tena.

Mwezeshaji hawezi kuizuia safari hiyo, ila anaweza kuitanguliza kwa maneno. Tangu siku ya kwanza aweke mawe 12 ndani ya kopo, na kila wiki mtoto mmoja atoe jiwe moja, ili wote waone muda unavyokwenda. Familia ikijulikana kuwa itaondoka mapema, kikundi kiambiwe, na anayeondoka aagwe kwa jina lake. Wengi wa watoto hawa hawakupata nafasi ya kuwaaga watu waliowaacha ng'ambo ya mpaka. Kuaga kwa utaratibu, mbele ya wenzake na mtu mzima asiyeharakisha, ni tiba ambayo mwezeshaji aliyeandaliwa anaweza kuitoa hata pale ambapo mengine yote yako nje ya uwezo wake.